Bwawa la Mawe Katika Bustani

Mji wa Morogoro umejengwa chini ya milima ya Uluguru, na milima hiyo ndiyo chemchemi yake. Upepo utokao bahari ya Hindi huleta mawingu. Mawingu hupanda mteremko wa mashariki, hupoa, na kuangusha mvua. Kwa sababu hiyo upande wa mashariki hupata mvua nyingi kuliko upande wa magharibi. Misitu ya juu huyapokea maji hayo, huyashika katika majani na mizizi, kisha huyaachilia kidogo kidogo katika vijito. Vijito hukutana vikawa mito: Morogoro, Ngerengere, Mgeta, Mvuha, na Ruvu ulio mkubwa kuliko hiyo, ambao maji yake hunywewa hata na watu wa Dar es Salaam, mwendo wa kilometa karibu 200 kutoka mlimani.

Basi katika nchi ya namna hii mtu akitaka kujenga bwawa, hata likiwa dogo kama chumba cha kulala, hatendi jambo lake peke yake. Huyagusa maji ya watu walio chini yake. Habari ya kijana mmoja na bwawa lake itaonyesha jambo hilo.

Kijana huyo alikaa juu kidogo ya mji, katika mteremko ambao nyumba, migomba na bustani za mboga zimepangana kama ngazi. Mchana alifanya kazi mjini, na jioni alilima bustani yake. Alitamani sana kufuga samaki, maana samaki walioletwa sokoni kutoka mbali walikuwa ghali, na watoto wake walikula mboga za majani siku nyingi pasipo kitoweo kingine. Alikuwa ameweka akiba kwa muda wa miaka miwili. Alikusudia kuchimba bwawa bondeni, kando ya kijito, penye udongo mweusi na maji ya karibu.

Lakini ardhi ile haikuwa yake peke yake. Kwa desturi ya Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, na tangu zamani mashamba mengi ni ya ukoo. Mtu atakaye kufanya jambo kubwa katika shamba la namna hiyo, yafaa amwendee mjomba wake kwanza. Basi kijana alipanda kwa mjomba wake, akapiga hodi, akaamkia, "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Karibu, keti. Umekuja na uso wa mtu mwenye neno."

Kijana akaeleza shauri lake lote. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kufuga samaki ni jambo jema. Lakini bondeni hutachimba. Kwanza, sheria yakataza. Pili, masika kijito hicho hupanda usiku mmoja kikachukua hata migomba. Bwawa lako litakuwa kitu gani mbele yake? Tatu, jirani yetu mama wa bustani ya chini hupata maji yake katika mfereji utokao hapo. Ukiyazuia wewe, yeye atamwagilia nini?"

Mzee alisema kweli. Sheria ya Tanzania ya mazingira, ya mwaka 2004, hukataza kazi za watu zinazoweza kuharibu mto katika upana wa mita 60 toka ukingoni. Tena maji ya mito ya Morogoro yana walinzi wake: ofisi ya Bonde la Wami na Ruvu, iliyo pale pale mjini, ndiyo itoayo vibali kwa watu watakao kuyachukua kwa wingi.

"Basi, mjomba," akasema kijana, "je, nikichimba juu, nyuma ya nyumba?"

"Huko nako usiukate mlima. Wazee wangu walinisimulia habari za matuta."

Habari za matuta hukumbukwa sana Uluguru. Mwaka 1950 serikali ya Waingereza ilianzisha mpango wa kuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Watu waliamriwa kuchimba mlima na kuufanya ngazi. Nia ilikuwa kuhifadhi ardhi, lakini mahali pengi udongo wenye rutuba ni mwembamba. Ukichimbwa, ule mzuri hufukiwa chini, na usio na nguvu huja juu. Kazi ikazidi, mazao yasizidi. Mwaka 1955 watu waliupinga mpango huo hata pakawa na ghasia, ukaachwa. Tangu hapo wazee wengi humwangalia kwa mashaka mtu ajaye na jembe kuukata mlima pasipo kuujua udongo wake.

Kijana akainamisha kichwa. Mjomba akamwangalia kitambo, kisha akasema, "Kama huwezi kushuka chini, panda juu. Mawe unayo tele katika bustani yako; kila mwaka wayalalamikia kwamba huvunja jembe. Jenga bwawa lako juu ya ardhi, kwa mawe hayo. Na maji, uyatafute mahali pasipo na mwenyewe."

Kijana alirudi akiliwaza neno hilo la mwisho. Ni maji gani yasiyo na mwenyewe? Usiku ule mvua ilinyesha, naye akiwa kitandani alisikia maji yakianguka kwa kishindo kutoka katika bati la nyumba na kwenda zake. Ndipo alipopata jibu.

Asubuhi alipima paa lake, akaona ni meta za mraba 60. Hesabu yake ni nyepesi, na kila mwanafunzi aweza kuifanya. Mvua ya milimita moja ikianguka katika meta moja ya mraba, hutoa maji lita moja. Basi mvua ya milimita 20 ikianguka juu ya paa la meta za mraba 60, hutoa lita 1,200. Mvua kumi za namna hiyo ni lita 12,000. Katika masika ya Morogoro, tangu Machi hata Mei, jambo hilo lawezekana. Kwa hiyo alikata shauri kwamba bwawa lake liwe la lita 12,000 wala si zaidi: urefu wa ndani meta 4, upana meta 3, na kina cha maji meta moja.

Kisha alimwendea yule mama wa bustani ya chini, akamweleza. Mama akamjibu, "Mwanangu, maneno ni mazuri. Nitayaona wakati wa kiangazi." Hakusema zaidi.

Kazi ya kujenga alimpa fundi mwashi, mtu mzima aliyekwisha kujenga misingi mingi katika mteremko ule. Jambo la kwanza alilomwuliza kijana lilikuwa hili: "Wajua maji yako yatakuwa na uzito gani?" Kijana hakujua. Fundi akamwambia: "Lita moja ya maji ni kilo moja. Lita 12,000 ni kilo 12,000, yaani tani 12. Tena maji hayalali kama gunia la mahindi. Husukuma. Juu husukuma kidogo, na kadiri ushukavyo husukuma zaidi. Kila meta moja ya ukuta wako itasukumwa kwa nguvu ya kilo 500. Ukuta wa meta nne utasukumwa kwa tani mbili, mchana na usiku, pasipo kupumzika."

Kwa sababu hiyo ukuta wa bwawa haujengwi kama ukuta wa nyumba. Ukuta wa nyumba hubeba paa, na uzito huo huukandamiza chini. Ukuta wa bwawa husukumwa kutoka ndani kwenda nje, na nguvu kubwa i chini. Hapana budi mguu wake uwe mnene. Fundi aliupa unene wa sentimeta 60 chini, akaupunguza kidogo kidogo hata ukawa sentimeta 40 juu. Aliuinua sentimeta 20 kupita kimo cha maji.

Kwanza walichagua kiwanja kilicho karibu sawasawa, chenye kupata jua la asubuhi, mbali na mwembe, maana majani yaangukayo huoza majini na mizizi huvunja ukuta. Walichimba mtaro wa msingi mpaka kuufikia udongo mgumu usiopata kuguswa na jembe. Upande mmoja waliufikia upesi. Upande wa pili palikuwa na udongo wa kujazwa, ulioteremshwa na mvua za miaka mingi. Kijana alitaka msingi uishie sawa pande zote ili kazi iishe. Fundi alikataa. Alisema, "Ukuta ukisimama mguu mmoja juu ya mwamba na mguu mmoja juu ya mto wa kulalia, utapasuka katikati." Wakachimba siku mbili zaidi.

Mawe waliyaokota katika bustani na kando ya njia. Hawakuyatoa kijitoni, kwa kuwa mawe ya kijito huzuia kingo zisiliwe na maji. Mawe ya Uluguru ni ya kale mno, yaliyopikwa kwa joto na kukandamizwa ndani ya ardhi kabla milima haijainuka. Mengi ni magumu sana. Lakini mengine yana ulanga, yaani vile vipande vyembamba ving'aavyo kama kioo, ambavyo zamani vilichimbwa na kuuzwa katika milima hii. Watoto wa kijana walileta mawe hayo kwa furaha kwa ajili ya mng'ao wake. Fundi aliyagonga moja moja kwa nyundo. Jiwe zima hulia kama chuma. Jiwe lenye matabaka ya ulanga hutoa sauti nzito, likigongwa tena humeguka kama mkate mkavu. Hayo aliyatenga, yakatumika kupamba njia ya bustani.

Ukuta ulijengwa kwa mawe, mchanga na saruji. Mchanga ulioshwa kwanza, kwa maana mchanga wenye udongo huifanya saruji kuwa dhaifu. Mawe makubwa yaliwekwa chini na pembeni. Kila baada ya mawe machache fundi aliweka jiwe refu lipitalo unene wote wa ukuta, lifunge uso wa ndani na uso wa nje pamoja. Hakuruhusu kiungo kimoja kisimame juu ya kiungo kingine, kwa kuwa ufa hupenda kupita katika njia hiyo. Asubuhi na jioni alitumia timazi na pimamaji. Hakuinua ukuta zaidi ya nusu meta kwa siku, ili saruji ya chini ipate nguvu kabla ya kubebeshwa mzigo.

Chini ya bwawa walishindilia kifusi, juu yake wakamwaga zege lenye nondo nyembamba, nalo lilielekea kidogo upande mmoja. Upande huo waliweka bomba la chini, la kuyatoa maji yote na taka zake. Karibu na kichwa cha ukuta waliweka bomba la pili, la kupitishia maji yazidiyo wakati wa mvua, wakalifunika kwa wavu ili samaki wasitoroke. Fundi alisema maneno ambayo kijana hakuyasahau: "Kila maji uyapatiayo mlango wa kuingia, uyapatie na mlango wa kutokea. Usipoyapa mlango, yatajifanyia wenyewe."

Uso wa ndani ulipigwa lipu mara mbili, ukalainishwa kwa mwiko. Kisha ukuta wote ulifunikwa kwa magunia, ukamwagiwa maji kila siku kwa siku saba, maana saruji ikikauka kwa haraka hupasuka. Watoto ndio waliofanya kazi hiyo, wakaifanya vema.

Masika yalipofika, maji ya bati yalipitishwa katika mlizamu mpaka bwawani. Maji ya kwanza ya kila mvua yalimwagwa nje, kwa sababu huosha mavumbi na kinyesi cha ndege juu ya paa. Bwawa likajaa. Kijana alifurahi kupita kiasi. Alikuwa amekwisha kwenda Kingolwira, mashariki ya mji, penye kituo cha serikali cha ufugaji wa samaki, akaagiza vifaranga 36. Na siku ya kuvichukua ilikuwa karibu.

Fundi akamwambia alijaribu bwawa kwanza. Alichukua ndoo, akaijaza maji, akaiweka juani kando ya bwawa. Akapiga alama ya mkaa ndani ya ndoo penye uso wa maji, na alama nyingine ukutani ndani ya bwawa. Maji ya ndoo hayavuji. Yakipungua, yamechukuliwa na jua na upepo tu. Maji ya bwawa yakipungua kuliko ya ndoo, basi yana njia nyingine. Mvua haikunyesha siku mbili zile. Siku ya tatu walipotazama, ndoo ilikuwa imepungua unene wa kidole, bwawa lilikuwa limepungua vidole vinne.

Kijana akaona kama moyo wake umedondoka. Akasema, "Fundi, vidole vitatu ni nini? Vifaranga nimekwisha vilipia. Nitaongeza maji."

"Utaongeza kwa maji ya nani?" akauliza fundi. "Masika yakipita, utayatoa katika mfereji wa yule mama. Tena maji yavujayo hayakai mahali pamoja. Hula udongo ulio chini ya msingi, kidogo kidogo, wala hutayaona mpaka siku ukuta utakapolala. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta; nao hawakusema kwa mfano tu."

Kijana alinyamaza, kisha akafungua bomba la chini. Maji yake yote, mvua ya majuma mengi, yakaenda bustanini. Walipokagua, waliona ufa mwembamba kama unywele pale bomba lilipopita ukutani. Walichonga mahali hapo kwa tindo, wakaujaza upya, wakapiga lipu tena. Wenye vifaranga walikubali kumngojea.

Kumngoja huko kulikuwa na faida ya pili ambayo kijana hakuitazamia. Saruji mpya hutia maji ukali kama wa chokaa, na ukali huo huua samaki. Bwawa jipya la saruji sharti lijazwe, likae siku kadhaa, litolewe maji na kusuguliwa, tena na tena, kabla ya kutia kiumbe hai ndani yake. Kama angetia vifaranga siku ile aliyoitaka, huenda vyote vingekufa.

Rafiki zake wa mjini walimshauri anunue samaki wa rangi, wale waitwao koi, wekundu na weupe, kama waonekanao katika bustani za mahoteli. Samaki hao wana habari yao. Katika karne ya 19 wakulima wa mpunga wa Niigata, nchi ya Japani, walifuga samaki wa kula katika maji ya mashamba yao. Wachache walizaliwa wakiwa na rangi. Wakulima wakawatenga na kuwazalisha, na mwaka 1914 walipoonyeshwa Tokyo watu walistaajabu. Hivyo hata koi alianza kama kitoweo cha mkulima wa milimani. Lakini kijana alitaka samaki wa kula, akachagua perege.

Naye perege ana sifa yake kubwa, tena ya hapa hapa. Katika mto Wami, ambao upo kaskazini ya Morogoro, waishi perege wa namna yao. Perege wa asili ya huko walipelekwa Unguja, na kutoka Unguja wakapelekwa mpaka Malacca, katika nchi ya Malaysia. Huko mtaalamu Hickling aliwachanganya na perege wa jamii nyingine, akaona jambo la ajabu: madume wa asili ya Unguja wakizaa na majike wa jamii ile nyingine, watoto wote huwa madume. Alitoa habari hiyo mwaka 1960. Wafugaji waliipenda, kwa sababu perege huzaa mno; jike hubeba mayai kinywani mwake mpaka yaanguliwe, hata bwawa likajaa samaki wadogo wasiokua. Penye madume matupu, chakula huenda katika mwili.

Kwa ajili hiyo hiyo mfugaji hana budi kuwa na hadhari. Samaki wa kigeni wakiponyoka huingia mtoni, huchanganyika na wa asili, na jamii ya asili hupotea. Sato na perege wa maziwa ya mbali wamekwisha kuonekana katika mito na mabwawa mengi ya Tanzania ambayo si kwao. Wavu ulio katika bomba la juu, basi, haulindi mali ya mfugaji tu. Unalinda na mto.

Vifaranga vilipofika, kijana hakuvimwaga mara moja. Aliuelekeza mfuko juu ya maji hata joto la ndani na la nje likalingana, kisha akavifungulia. Kila asubuhi na jioni aliwapa pumba za mahindi, na mara kwa mara mchwa. Alijifunza kuyapima maji kwa mkono: ukitia mkono mpaka kiwiko, nawe huoni kiganja kwa ajili ya ukijani, chakula cha majini kimetosha, usiongeze samadi. Samaki wakipanda juu alfajiri na kupumua kwa midomo, hewa ya majini imekwisha, kwa kuwa usiku majani madogo ya majini nayo huitumia. Hapo sharti maji mapya yaingie upesi. Alifunika bwawa kwa wavu kwa ajili ya mdiria na korongo. Aliweka uzio kwa ajili ya watoto wadogo, maana maji ya meta moja humtosha mtoto kufa. Aling'oa majani ya kingoni yasiwe nyumba ya konokono waletao kichocho.

Kazi hii ya kila siku ndiyo mtihani wenyewe. Mwaka 1949 ufugaji wa perege ulianza kujaribiwa nchini, huko Korogwe na Malya. Watu waliuiga, hata kufikia mwaka 1968 ilikadiriwa kwamba mabwawa yapata 8,000 yamechimbwa. Walakini mengi yalikufa. Mengine yalikaushwa na jua, mengine yalichimbwa pasipo ujuzi, na mengi hayakupata mtu wa kuyaangalia baada ya furaha ya siku ya kwanza.

Kiangazi kikaja. Mvua ilikatika, na upepo mkavu ukateremka. Bwawa likaanza kupungua milimita 5 kwa siku, yaani lita 60, ndoo tatu. Mfereji wa jirani ulikuwa umepungua pia, ukawa kama kamba nyembamba. Ulipita hatua chache tu toka ukuta wa bwawa. Usiku mmoja kijana alisimama pale na jembe mkononi. Pigo moja la jembe lingetosha. Maji yangeingia, na asubuhi angeziba, wala hapana ambaye angejua. Alilikumbuka neno la mama yule, "Nitayaona wakati wa kiangazi." Akarudisha jembe ukutani. Tangu siku ile aliamka mapema, akateka ndoo tatu kijitoni kwa kichwa chake, kama watekavyo watu wote, akazimimina bwawani.

Tena kila Jumamosi alifungua bomba la chini mpaka zitoke ndoo kumi za maji ya chini, yenye taka za samaki. Maji hayo si safi, lakini kwa mboga ni samadi. Aliyachimbia mtaro mdogo yateremke katika bustani ya jirani. Mchicha na figili za mama yule zikawa na rangi ya kijani ambayo majirani wengine walianza kuiulizia.

Baada ya miezi kama sita alivua samaki wake wa kwanza. Walikuwa 31, watano walikuwa wamekufa. Hawakumtajirisha. Walitosha nyumba yake kwa siku kadhaa, wakatosha sahani ya mjomba na sahani ya fundi, na wawili wakubwa alimpelekea mama wa bustani ya chini.

Mama akapokea, akashukuru. Hakuuliza tena habari za mfereji. Aliuliza, "Mwanangu, Jumamosi utafungua bomba saa ngapi?"

Maswali

1. Kwa nini mjomba alikataa bwawa lisichimbwe bondeni? Taja sababu zote tatu.
2. Paa la meta za mraba 45 likipata mvua ya milimita 30, hutoa maji lita ngapi?
3. Eleza jinsi ndoo ilivyotumika kulijaribu bwawa.
4. Ukuta wa bwawa na ukuta wa nyumba hutofautianaje?
5. Usiku ule wa kiangazi hapana ambaye angemwona kijana. Ni kitu gani kilichomzuia?